Mirathi ya Vidole vya Mama Milembe

Wadogo zangu wa masjala na mapokezi, siku mliyoniaga mlinipa vitu vitatu: blanketi, ndoo ya asali ya Meatu, na kazi. Blanketi nimeshalijaribu, joto lake linaweza kuangua mayai. Asali imekwisha, msiulize ilikwishaje. Imebaki kazi. Mliniomba niwaandikie zile njia za mkato za kwenye kibodi, "zile za mzee Jilala", ili mikono yenu isije ikawauma kama ilivyotuuma sisi. Nikawajibu kwa madaha kwamba huo ni ukurasa mmoja tu, nitauandika huku nasubiri ugali uive.

Ugali umeiva mara nyingi tangu siku hiyo. Kila nikikaa niandike naona siwezi kuzieleza njia bila kumtaja mwenye njia, na mwenyewe hayupo. Basi mtanivumilia. Maelekezo mtayapata humuhumu, yamechanganyika na yeye.

Mimi ni mtoto wa kijiji cha Zagayu. Niliingia ofisi ile kama tarishi, na jina lake sitalitaja kwa sababu ninyi mnaijua. Bariadi wakati huo ilikuwa mkoa wa Shinyanga, baadaye tukawa Simiyu bila kuhamisha hata kiti. Mchana nilikuwa nabeba majalada, jioni nasoma. Shule yetu ya jioni ilikuwa na karabai moja na wanafunzi wenye ndevu. Mwalimu alikuwa mdogo kuliko sisi sote, akitukemea tunamwitikia, "Ndiyo, baba." Cheti nilikipata nikiwa tayari na watoto, na siku hiyo nilicheza mpaka ua wa nyumba ukapasuka. Anayebisha aje aone ufa, bado upo.

Chumba cha wachapaji kilikuwa cha Mama Milembe. Alikuwa mwanamke wa kijiji cha Kimali, mrefu, mwenye vidole virefu kama mabua ya mtama. Taipureta yake ilisikika mpaka sokoni. Wauza matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, waliokuwa nje ya uzio walijua saa za kazi zimeanza kwa kuisikia, na ikinyamaza walijua ni chai, wanaleta sinia dirishani. Mimi naamini kabisa kwamba mvua ya mawe ilikuwa inakuja kwake kuchukua masomo.

Siku ya kwanza nilisimama mlangoni na jalada mkononi.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia, maana kwetu mama ndiye mayu.

"Mwangaluka, baba. Jalada weka pale. Mbona unaitazama mikono yangu kama mtu anayetazama nyama buchani?"

"Nataka kujifunza, mayu."

"Wanaume hawachapi. Wanatia sahihi."

"Mimi sina cha kutia sahihi."

Akacheka, akainuka, akanikalisha kwenye kiti chake ambacho kilikuwa bado cha moto. Kisha akachukua khanga yake akaifunika taipureta pamoja na mikono yangu. "Macho kwenye karatasi," akasema. "Vidole vina macho yao. Ukiviangalia unavitia aibu."

Nilichapa chini ya khanga ile mpaka nikawa naota herufi. Watu wa masjala walikuwa wakipita wanauliza, "Mama Milembe, huyo mwali anatolewa lini?" Alinitoa mwenyewe siku aliyoridhika, na tangu hapo nikawa mwanaume pekee kwenye kazi ambayo imebadilishwa jina mara nyingi kuliko mtoto anayelialia. Tulikuwa wachapaji, tukawa makatibu muhtasi, tukawa wahazili, ninyi sasa mnaitwa waandishi waendesha ofisi. Mtoto bado analia.

Nilichojifunza kwake zaidi ya kasi ni tanzia. Mnajua ofisini kwetu mtumishi akifariki, mkuu akishaambiwa, anayefuata kujua ni mchapaji. Watu hawajaanza hata kulia, magari ya kwenda msibani hayajatiwa mafuta, yeye tayari ameketi anachapa. Mama Milembe alizichapa nyingi mno. Maneno alikuwa nayo kichwani: kwa masikitiko makubwa, uongozi na watumishi wote wanatangaza kifo cha mtumishi mwenzao. Hapo alikuwa anapunguza mwendo. Taipureta iliyokuwa inanguruma ilianza kudonoa kama kuku mmoja. Nikamuuliza siku moja kwa nini.

"Ni jina la mtu," akasema. "Mwenye jina haendi popote tena, wewe unakimbilia wapi? Hii ndiyo mara ya mwisho ofisi inamwita. Mwite herufi kwa herufi."

Zilipokuja kompyuta, alizichukia kwa muda wa kutosha kunywa kikombe cha chai. Kisha akajisogeza, akaweka vidole, akasema, "Kumbe ni taipureta iliyonyamazishwa." Kilichomkera kilikuwa mausi. Na hapa wadogo zangu ndipo somo lenu linapoanza. Kila mkono unapotoka kwenye kibodi kwenda kushika mausi na kurudi, umesafiri. Kwa siku moja mkono wa mchapaji unatembea kutoka Bariadi mpaka Lamadi, tena kwa miguu, tena umebeba mzigo. Jioni bega linauma mnasema ni baridi. Jifunzeni kunakili, kubandika, kuhifadhi na kutafuta neno kwa kitufe cha kontroli na herufi. Mkono ukae nyumbani.

Hatua ya pili tuliigundua wenyewe. Ndani ya kompyuta kuna sehemu inayosahihisha makosa ya kuchapa bila kuulizwa. Majina ya Kisukuma iliyaona yote kuwa makosa, ikawa inayageuza ovyo. Tukaishika tukaifundisha adabu, itutumikie sisi. Unaiambia: nikichapa herufi hizi tatu, weka sentensi hii nzima. "Mhk" ikawa Mheshimiwa Mwenyekiti. "Kny" ikawa Kwa niaba ya. Na "tnz" ikawa tanzia nzima, kuanzia masikitiko mpaka ratiba ya mazishi, pamoja na pengo la jina. Mama Milembe aliikubali tnz kwa sharti moja: jina lisifupishwe kamwe, hata la mtu tunayemwandikia kila siku.

Sharti la pili nililiweka mimi baada ya kuungua. Ufupisho wenu usiwe neno linaloishi. Mimi kwa uroho wa kasi niliiambia mashine kwamba nikichapa "wa" iandike Waheshimiwa. Nikachapa taarifa ya mifugo bila kutazama juu, kama nilivyofundishwa. Mama Milembe akaisoma kabla haijatoka, akaita kwa sauti ya kanisani, "Jilala! Hawa ng'ombe Waheshimiwa wananchi, na wafugaji Waheshimiwa kata, ni wa chama gani?" Ofisi ilicheka wiki nzima. Mpaka nastaafu kuna mzee mmoja wa masjala aliyekuwa akiniita Mheshimiwa.

Hatua ya tatu ni kuhamisha herufi zenyewe, na hii wengi wanaiogopa. Chunguzeni kibodi. Waliopanga herufi zile hawakuwa watu wa kwetu. A, ambayo Kiswahili hakipumui bila yeye, wameiweka chini ya kidole kidogo cha kushoto, kinyonge kuliko vyote. Q na X, ambazo Kiswahili hakina shughuli nazo, zimekaa tu kama wageni wa harusi ambao hakuna upande unaowajua. Na sisi tuna majina: Ng'wandu, Ng'washi, Ng'wigulu, na ile alama ya juu katikati inadaiwa kwa kidole kidogo cha kulia, mara mia kwa siku. Nikaipata programu ndogo ya bure ya kupanga vitufe upya, nikachukua kitufe kimoja cha juu kilichokuwa hakina kazi, nikakipa "ng'w" nzima. Kumbukeni Mama Milembe mwenyewe ni binti Ng'wandu. Alikibonyeza mara moja, akakitazama kioo, akapiga kofi. "Sasa mashine imekuwa Msukuma," akasema.

Tulikuwa tunacheza, kwa kweli. Sikujua kwamba tunajizoeza.

Niliusikia ugonjwa kabla sijauona. Ulikuwa msimu wa pamba, malori yanapita na kuacha mapamba kwenye miti ya barabarani, na mimi nimempa mgongo nachapa zangu. Mdundo wake ukawa na shimo. Palepale kila mara, kama mtu anayetembea na kokoto kwenye kiatu kimoja. Nikageuka. Kidole chake kidogo cha kulia kilikuwa kimesimama pembeni, hakishuki.

"Kimefanya nini, mayu?"

"Kimegoma. Labda hakijalipwa posho."

Akaenda Mwanza, hospitali kubwa, akarudi na samaki wa Lamadi kwenye kikapu na jina la ugonjwa. Alilitamka mara moja tu. Lilikuwa refu kama treni. "Jina refu, dawa fupi," akasema, akaanza kugawa samaki. Tulipobaki wawili ndipo akanieleza. "Kinaanza kidole, kinafuata kidole, halafu mkono, halafu mwingine. Halafu daktari akaomba maji ya kunywa, hakuendelea."

Nikaweka samaki wangu mezani.

"Sikiliza, baba," akasema. "Kila aliyestaafu hapa, barua yake nimeichapa mimi. Wakubwa kwa wadogo, hata yule aliyekuwa ananitukana. Yangu nitaichapa mwenyewe. Wakijua nimeshikwa na hiki kitu watanipeleka bodi ya madaktari, nitatolewa kwa ugonjwa, barua itachapwa na mtu mwingine nami nipo kitandani. Sitaki kuchapiwa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mayu. Lakini kidole kimekufa."

"Kimekufa."

"Basi mali yake irudi kwenye ukoo. Tugawe mirathi."

Alinitazama kidogo, halafu akacheka mpaka machozi yakamtoka, na sikuweza kuyatenganisha yale ya kicheko na mengine. Akajifuta kwa upindo wa khanga. "Haya, mwenyekiti wa ukoo. Fungua kikao."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi miaka iliyofuata. Kidole kidogo cha kulia kilipokufa, P ikahamia kwenye nyumba ya Q, mkono wa kushoto, na Q tukaitupa huko mbali. Kilipofuata jirani yake, O ikapewa nyumba ya X, na L ikaingia kwa V. V haikulalamika, ikahamia kulia. Cha kati kilipoondoka kilikuwa na mali nyingi, I na K, tukakaa kikao kirefu, tukabishana kama watu wanaogombea ng'ombe. Upande wa kushoto ukajaa kama nyumba ya msiba. Vitufe vya juu navyo tukavipa sentensi nzima. Tukaiambia kompyuta iwe na subira: ubonyeze kitufe cha herufi kubwa, ukiachie, upumzike, ndipo ubonyeze herufi yako. Hilo lipo kwenye kila mashine, wadogo zangu, litafuteni. Si la wagonjwa tu. Hata mtu anayenyonyesha mtoto mezani linamfaa.

Maandishi juu ya vitufe hatukuyabadilisha. Kwa macho, ilikuwa kibodi kama za wengine. Mkono wa kulia ukahamia mapajani, akaufunika na khanga kama mtu anayesikia baridi ya feni, na ofisi haikujua. Kasi ilipungua, lakini mwenye kasi ya radi akipungua anabaki na kasi ya mvua, na mvua inatosha.

Kisha tukapata mkuu mpya, Bwana Luhende, mtu mwema mwenye haraka, na afisa TEHAMA wa kwanza, Shija, kijana mpole aliyependa kazi kuliko chakula. Yakaja maelekezo kwamba kompyuta zote ziwekewe mfumo mpya. Shija akaja Jumamosi wenye ofisi tumelala, akazisafisha zote. Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwetu anatabasamu, anasubiri kushukuriwa.

Mama Milembe aliketi, akafungua, akaanza muhtasari wa kikao kikubwa kilichokuwa kinasubiriwa. Kikao kile kilianza kwa kutoa pole kwa mjumbe aliyefiwa. Alitaka kuandika "pole". Kwenye kioo ikatoka "qxve".

Akafuta, akarudia. Qxve. Akabaki ameshika hewa.

Na Bwana Luhende, kwa haraka zake, akaingia saa hiyohiyo kuulizia muhtasari. Alitazama kioo, akatazama mkono mmoja juu ya meza, akatafuta wa pili. Khanga ilikuwa imeteleza. Mkono ulikuwa mapajani, kiganja juu, vidole vimejikunja kama jani lililokaukia juani.

"Mama," akasema polepole. "Tangu lini?"

Akafuta ile qxve kwenye kioo.

"Mama, nenda nyumbani ukapumzike. Nitawaandikia bodi ya madaktari. Si adhabu, ni huruma."

"Huruma yako naipokea, baba," akasema, na sauti yake ilikuwa imara kuliko yangu ingekuwa. "Muhtasari unautaka lini?"

"Leo. Kabla hatujafunga ofisi. Lakini Jilala anaweza..."

"Kikao nilikirekodi mimi, muhtasari nitauchapa mimi. Ukiukosa jioni, andika barua yako."

Mkuu akanitazama. Nikatazama dari, ambalo siku hiyo lilikuwa na mambo mengi ya kuvutia. Akatoka.

Shija alikuwa amekuwa rangi ya majivu. "Mzee Jilala, nilihifadhi mafaili yote. Barua, picha, hata nyimbo za kwaya. Ila mpangilio wa kibodi... niliona P inaandikwa na Q, nikadhani ni hitilafu. Nilifurahi nimeitengeneza. Kumbe nimeua mtu."

"Hujaua mtu. Vuta kiti."

"Wewe si ndiye uliyepanga? Niambie tu kila herufi inakaa wapi, naiweka sasa hivi."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nazikumbuka P, O, L na V, kwa sababu ya kuzichezea, lakini zile nyingine tulikuwa tumezihamisha na kuzihamisha tena, kidole kwa kidole, msimu kwa msimu, mpaka zikaniponyoka. Nikamgeukia mwenyewe.

"Mayu, M iko wapi?"

Akafumba macho. Akakaa hivyo. "Sijui."

"Hujui?"

"Mimi sijui, kidole ndicho kinajua. Usiniulize herufi, Jilala. Niulize neno."

Shija akainua kichwa. Nilimwona wazo linamwingia kama mtu aliyemwagiwa maji. "Mama," akasema, "chapa kitu ambacho maneno yake unayajua kabisa, na sisi tunayajua. Kirefu. Chapa kama zamani, usijali kinachotoka. Yatatoka ovyo, lakini ovyo ileile. Tutalinganisha, tutajua kila herufi uliiacha wapi."

Mama Milembe akasogeza kiti. Kisha akaufunika tena mkono wake kwa khanga, akaweka vidole vya kushoto mahali pake, akafumba macho, akaanza. Vilikwenda vyenyewe. Nilikuwa sijausikia mdundo ule muda mrefu, hauna shimo, hauna kokoto. Kwenye kioo ilikuwa takataka tupu, lakini ukiziba macho ilikuwa muziki. Kisha katikati akapunguza mwendo, akasimama, akaruka nafasi, akaendelea, na mimi nikajua anachapa nini.

Shija alitambua baadaye, alipokwisha kuoanisha mistari miwili ya kwanza. "Mama, hii ni..."

"Ni tanzia," akasema. "Ulisema kitu ninachokijua kabisa."

"Hapa kwenye jina pana pengo. Ungeweka jina lolote, tungepata herufi zaidi."

"Hapo acha. Pana mwenyewe."

Shija akainamia karatasi yake na hakuinua kichwa kwa muda. Herufi zilizokosekana tukazipata kwa maneno: mayu, chapa "shughuli", chapa "mjadala", chapa "ng'ombe". Kila alipochapa, Shija aliirudisha herufi moja nyumbani kwake, kama mtu anayerudisha mifugo iliyopotea. Mchana alileta matobolwa na karanga, akammenyea karanga moja moja bila kuambiwa. Matobolwa yalipokwisha, Mama Milembe akajaribu tena neno la kwanza. Pole. Ikatoka pole.

Muhtasari ulifika mezani kwa mkuu jua likiwa bado lipo. Bwana Luhende aliusoma wote akiwa amesimama. "Hakuna kosa hata moja," akasema, kama mtu anayelalamika. Kisha, "Basi mama. Sina barua ya kuandika."

"Wabeja, baba," akamwambia. Asante hiyo, kwa ninyi mliokulia Dar.

Kuanzia siku hiyo ofisi nzima ilijua, na ofisi nzima ikajifanya haijui, jambo ambalo ofisi yetu haijawahi kulifanya kwa kitu kingine chochote. Shija alihifadhi mpangilio ule mahali pengi kiasi kwamba mimi nadhani hata mwezini upo. Vidole viliendelea kuondoka, sasa vya kushoto. Tulikaa vikao vya mirathi tukiwa watatu, na utani ukapungua kila kikao, kwa sababu warithi walikuwa wanakwisha. Tulifika kwenye vidole vitatu. Herufi zote za lugha hii, barua zote za ofisi ile, zikakaa chini ya vidole vitatu na vitufe vya jirani yake.

Kwa vidole hivyo alichapa barua yake ya kuomba kustaafu. Ilikuwa fupi, mistari michache, na ilichukua asubuhi nzima. Nilikuwa nimeketi nyuma yake kama siku zote, nimempa mgongo, nasikiliza kidonoo kimoja kimoja. Sikugeuka. Alipomaliza akaniita niisome. Mashine ilikuwa na ufupisho wa jina lake na cheo chake, nilimwekea mwenyewe, hakuutumia. Sahihi aliiweka kwa mkono wa kushoto, ikatoka kama njia ya ng'ombe waendao mtoni.

"Nimejichapia," akasema.

"Umejichapia, mayu."

"Sasa hata wakinikuta nimelala, barua ipo."

Barua ile, mnavyojua, hutangulia miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe. Alitaka kuimalizia miezi ile kazini. Akaja siku nyingine, nyingine hakuja. Sauti ikawa ndogo, akawa anapumzika katikati ya salamu. "Mwanga," halafu pumzi, "luka, baba." Mvua za kwanza zilipoanza, ndugu zake walikuja kumchukua wakampeleka Kimali. Kiti chake tulikiacha. Khanga yake ilibaki juu ya kibodi, ikizuia vumbi, na hakuna aliyeigusa.

Siku yake ya kustaafu haikufika. Alifariki akiwa bado mtumishi, barua yake ikiwa kwenye jalada, imejibiwa na kukubaliwa. Shija ndiye aliyeniletea habari, asubuhi, akasimama mlangoni palepale aliposimama siku ile akitabasamu. Nyuma yake akaja Bwana Luhende. Magari yalikuwa yanatiwa mafuta kwenda Kimali. "Jilala," akasema kwa upole, "tanzia."

Kompyuta yangu ilikuwa imewashwa. Nikainuka nikaenda kuketi kwenye ya kwake. Nikaikunja khanga, nikaiweka pembeni.

"Mzee," Shija akasema, "hiyo ina mpangilio wa mama. Nikurudishie wa kawaida? Ni dakika moja tu."

"Acha."

Nikatafuta t, n na z pale alipoziacha. Tanzia ikashuka yote kwenye kioo, masikitiko yetu makubwa, uongozi na watumishi wote, na pengo. Pengo likawa linawaka na kuzima, linanisubiri.

Nikaanza kumwita. M. Nilimtafuta, nikampata. I alikuwa karibu yake. L kwa V, hiyo niliijua. Nilikuwa naenda kama mtu anayepapasa ukuta kwenye nyumba ya mwenzake, na kila herufi niliyoifikia nilikuta kidole chake kilikuwa kimeshapita hapo, kitufe kimelika kwa juu, laini. Milembe. Kisha jina la baba yake. Kitufe cha ng'w kilikuwa juu pale, kilichomfanya apige kofi, sikukibonyeza. N. G. Ile alama ya juu tulikuwa tumeiacha upande wa kulia kabisa, hakuna aliyekuwa akiihitaji tena, na mkono wangu wa kushoto ukavuka kibodi nzima kuifuata, ukairudisha. W. Nikaendelea. Mkuu hakuniharakisha. Nje magari yalikuwa yamewashwa, dereva mmoja akapiga honi, mtu akamkemea.

Nilipofika herufi ya mwisho nikatazama chini, kitu ambacho alinikataza siku ya kwanza. Mkono wangu wa kulia, mzima, usio na ugonjwa wowote, ulikuwa umelala mapajani, kiganja juu.

"Nitoe nakala?" Shija akauliza.

"Subiri kidogo," nikamwambia.